Kisimba, Zile Nati Kumi

Kisimba, ndugu yangu,

Jumamosi ni misa yako ya siku arobaini. Mkeo, Mama Monga, ameniomba nisimame tena niseme maneno kwa niaba ya karakana, kama nilivyosema siku ya mazishi. Siku ile nilisema vizuri, watu walilia, na wengine walikuja kunishika mkono. Nilirudi nyumbani na aibu. Ndiyo maana leo nimekaa kukuandikia. Karatasi nimeikata katika daftari la shule la binti yangu, naye ameniuliza namwandikia nani. Nimemjibu kwamba namwandikia Baba Monga. Amenitazama kidogo, kisha akaenda zake jikoni.

Nianze na habari ndogo ndogo, maana wewe hukupenda mtu akuangushie jambo zito kabla hujaketi. Mvua zimekatika. Mahindi ya Mama Monga nyuma ya nyumba yamekauka vizuri, na mke wangu alikwenda kumsaidia kuyavuna. Mwanao Monga amechukua baiskeli yako. Mnyororo haupaki mafuta, unalia kutoka nyumbani kwenu hadi kwenye bomba la maji. Shituru yetu ni ileile: moshi wa kiwanda, king'ora cha zamu, vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Jumatatu umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikatika tukiwa kazini, tukaketi juu ya masanduku kuusubiri kama zamani. Kila mtu alinyamaza. Ndipo nikagundua kwamba miaka yote ile umeme ukikatika, aliyekuwa akizungumza ni wewe peke yako. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kucheka.

Na vilebreke yako, kile chuma chako cha kuzungushia nati, ipo. Inaning'inia kwenye msumari wake karibu na dirisha, ile kubwa, yenye kishikio cha mti kilichong'aa kwa kiganja chako. Juzi Kabwe, yule wa kikosi chetu mwenye mwandiko mzuri, aliichukua akakazia nati mpaka mwisho. Alijilaza juu yake kwa nguvu zake zote, chuma kikaanza kukubali kupinda. Nilimpokonya. Nilimfokea kupita kiasi, wenzake wakaacha kazi kututazama. Nilimwambia kitu hiki si cha nguvu, ni cha mbio. Maneno yalikuwa yako, hata sauti ilitaka kuwa yako, na ikanibidi nitoke nje nivute pumzi.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponionyesha? Nilikuwa nimetoka Kasai juzi tu, najiona fundi kwa sababu najua spana. Robo mzunguko, toa, rudisha, robo mzunguko. Nati moja ilinichukua muda wa kuvuta sigara nzima. Wewe ulikuja na kile chuma kilichopinda katikati kama keke ya seremala, ukatia kikombe chake kwenye nati, ukaweka kiganja juu ya kishikio, na mkono wa pili ukaanza kuzungusha. Nati ilikimbia. Ulivua sita, mimi bado nahangaika na ya pili. Ukanitazama kwa huruma ukasema, "Kazadi, weye unafungula bulon sawa muntu mwenye kuomba ruhusa." Nati kwako zilikuwa bulon siku zote. Nilikasirika. Kisha nilicheka, nikaomba unifundishe.

Sikuwahi kuwa hodari kama wewe. Mkono wako ulikuwa na wepesi ambao haufundishiki. Lakini nati iliyoshikwa na kutu haisikii vilebreke, wala nati haiwezi kukazwa sawasawa kwa chombo kile. Hapo ndipo palipokuwa pangu, maana Mungu alininyima wepesi akanipa mabega. Nilizilegeza kwa spana ndefu, wewe ukazitoa mbio. Wakati wa kufunga, wewe ulizikimbiza mpaka zikae, mimi nikazikaza. "Minye nakimbiza, weye unakaza," ndivyo ulivyotugawia, na hatukuandikiana mkataba mwingine. Kabla ya kuzungusha ulianza kila nati kwa vidole, mizunguko miwili, taratibu kama mtu anayefunga shati la mtoto. Aliyeruka hatua hiyo ulimpa fagio kwa siku nzima. Na ulikuwa ukisikiliza. Sauti ya chuma ikibadilika kidogo tu, ulisema, "Imefika," ukahamia nyingine.

Nilikuwa nikitaka kukukumbusha pia safari ya Kapolowe. Tulipanda lori kwenda kutafuta mihogo, tairi likapasuka kabla ya kufika misioni. Dereva alishuka na spana fupi, akaanza kuomba ruhusa kama mimi zamani. Wewe ulivuta kutoka kwenye gunia lako ile vilebreke ndogo uliyojitengenezea kwa nondo ya kutupwa. Bado sijui kwa nini mtu anayekwenda kununua mihogo anabeba vilebreke. Nilizilegeza nati, ukaingia wewe, na akina mama juu ya lori wakaanza kukuhesabia kwa sauti kila nati inapotoka. Ulipomaliza uliwainamia kama mtu wa kwenye jukwaa. Dereva alitupa kiti cha mbele, nawe ukakaa dirishani ukipungia mkono mbuzi na watoto, mpaka Kapolowe. Mama Monga alicheka wiki nzima nilipomsimulia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ninaliandika lote, ingawa unalijua kuliko mimi, kwa sababu sijawahi kulisema kwa mpangilio hata kichwani mwangu.

Ilikuwa wiki uliyoteuliwa kuwa kapita, msimamizi wa kikosi. Jina lako lilikuwa limekwisha kusomwa asubuhi, na tulikuwa tumekupigia makofi. Mimi nilikuwa na mtoto wa siku tisa nyumbani, na maonyo mawili kwenye faili, moja la kuchelewa na moja la kugombana na mwandishi wa zamu. La tatu lingekuwa la kufukuzwa, na nyumba ya kampuni ingeondoka pamoja na kazi. Wewe ulijua haya yote.

Tulikuwa tunafunga mfuniko wa pampu kubwa, nati ishirini na nne. Ulizikimbiza zote huku unapiga mluzi, ukaniachia, ukahamia pampu ya pili. Desturi yetu ilikuwa moja: mkazaji akishakaza nati anachora mstari wa chaki juu yake, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, na nati yenye chaki hakuna anayeigusa tena. Lakini mimi nilikuwa na uvivu wangu. Spana ilikuwa na mafuta, vidole vikiteleza chaki haishiki. Basi nilikuwa nachora mistari yote kwanza nikiwa na mikono mikavu, ndipo nakaza. Uliwahi kunikamata. "Chaki nyuma, Kazadi. Kwanza mukono." Nilisema ndiyo, nikaendelea vilevile kila ulipogeuka.

Siku ile nilikuwa nimemaliza nati ya kumi na nne nilipoitwa kusaidia kunyanyua mota upande wa pili. Kazi ile ilivuta muda. King'ora kikalia. Nilirudi kuchukua koti langu, nikautupia macho ule mfuniko, na nikaona mistari ishirini na minne ya chaki, yote ya mkono wangu. Nati zilizokazwa na zisizokazwa zilikuwa zimekaa sawa kabisa, kwa sababu ulizikimbiza vizuri. Niliridhika. Nilikwenda nyumbani kumbeba mtoto.

Asubuhi pampu iliwashwa, na mfuniko ukatema upande wa chini. Maji yale ya kijani, yenye asidi, yalifika kwenye vifundo vya miguu. Hakuna aliyeungua, na kwa hilo bado namshukuru Mungu, lakini sehemu nzima ilisimama mpaka alasiri. Mkubwa wa karakana alikuja akashika nati moja moja kwa vidole. Kumi zilizunguka. Akauliza nani alikaza. Kisimba, nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini niliufungua polepole, na wewe hukuwa mtu wa polepole.

"Ni minye, shefu. Kazadi alikuwa kule kwa kunyanyula mota. Minye njo nilikaza, minye njo nilipiga chaki."

Akakuuliza ulikazia nini. Ukasema, "Na vilebreke."

Karakana nzima ilicheka. Wewe, uliyewapa watu fagio kwa kosa dogo kuliko hilo. Ungeweza kusema spana iliteleza, au ulikuwa na homa. Lakini nati zilikuwa legevu kwa namna ambayo ni vilebreke tu inaziacha hivyo, na mkubwa yule alikuwa fundi, asingekubali sababu nyingine. Kwa hiyo ukachagua uongo ambao ungeaminika, na ulikuwa ule mbaya kuliko yote kwako. Kabla ya saa sita ukapita kikosini kutuambia mwenyewe kwamba si kapita tena. Baada ya miezi miwili, kwa kukosa mwingine, cheo kile walinipa mimi.

Jioni ile ulinikuta kwenye bomba. Nilianza kusema, ukanikata. "Weye uko na mutoto wa siku tisa. Minye nitabaki na kazi yangu, njo vile. Tusirudilie ile maneno." Ukachukua ndoo yako ukaondoka. Nilijiambia mambo yakipoa nitakwenda kwa mkubwa. Yalipoa. Yalipoa vizuri sana, mpaka nikazoea kukutuma. Kama na wewe ulizoea kutumwa, sijui. Hilo sikukuuliza.

Na jina likakukaa. Papa Legelege. Alianza mmoja kazini, likafika kwenye bomba la maji, kisha kwa watoto wanaocheza mpira. Ulipokuwa ukipita walikuitia kwa mbali na wewe ukainua kofia. Wakati serikali ilipotuambia sote tuache majina ya ubatizo, ulisimama mbele ya kikosi ukasema, "Banaondoa Bonaventure, banaacha Legelege. Ni muzuri, ile ingine ilikuwa murefu." Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka pamoja nao, ndugu yangu. Nilikuwa na macho ya kukutazama usoni na bado nikacheka.

Hata nyumbani kwako lilikuwapo. Kiti kikiyumba, mlango ukikwama, Mama Monga aliita kutoka jikoni, "Baba Monga, ulikaza na vilebreke?" Watoto wakapiga kelele za furaha, nawe ukamjibu kwa kuufunga mlango kwa adabu nyingi, kama padri anayefunga tabernakulo. Nilikuwa nimekaa pale nakula ugali wako. Zilikuwa jioni nzuri. Nikisema nazitamani leo sidanganyi, ingawa ndani ya kila moja mimi nilikuwa na kitu cha kusema na nikakimeza na mboga.

Ulipougua nilikuja kila siku baada ya zamu. Kila siku nilisema leo. Ulikuwa unanitangulia kwa mizaha, unaniuliza kuku wangu ametotoa, unaniuliza Kabwe bado anaanza nati bila vidole. Wiki ya tatu ukawa huwezi kuzungumza, nami nikasema haifai kumsumbua mgonjwa. Unaona jinsi mtu anavyopata sababu.

Msalaba wako ulitengenezwa karakanani. Kabwe aliandika KISIMBA kwa rangi nyeupe, kisha chini yake, kwa herufi ndogo nzuri, PAPA LEGELEGE, ili kila mtu ajue ni wewe. Alifanya kwa mapenzi, alikuwa analia wakati anaandika. Kopo la rangi nilishika mimi. Aliniuliza kama herufi zimenyooka, nikasema zimenyooka.

Hilo ndilo lililonishinda. Mengine niliweza kuyabeba, lakini kosa langu sasa limesimama kaburini kwako, mvua itakaponyesha na jua litakapowaka, na wajukuu wako watalisoma.

Jumanne nilikwenda kwa Mama Monga. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Nilikataa kiti, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: chaki, nati kumi, mtoto wa siku tisa, na maneno yako mbele ya mkubwa. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha, akaliweka chini, asichukue lingine.

"Miaka yote ile," akasema, "minye nilimucheka."

Nikamwambia kosa ni langu mimi.

"Weye ulikosa siku moja. Minye nilimucheka kila siku mbele ya batoto yake, na yeye alikuwa ananyamaza."

Kisimba, nilikwenda pale kutua mzigo, nikautua mapajani mwake. Sikuwa nimefikiria hilo. Katika hesabu zangu zote nilijiona mimi, nikakuona wewe, nikamwona mkubwa wa karakana, lakini sikumwona yeye na utani wake wa jikoni. Alilia kidogo tu, kwa upindo wa kitenge. Nikamwambia kwamba ulipenda utani wake, kwamba hata kazini uliturudia maneno yake, na kwamba ulikuwa ukienda nyumbani kwa haraka ili uyasikie. Hilo ni kweli tupu, na nadhani aliliamini, kwa sababu aliitikia kwa kichwa akasema, "Ule muntu."

Kisha akanipa kazi ya Jumamosi hii. "Siku ya posho utasema mbele ya bantu bote. Usiseme alikuwa muntu muzuri, ile banajua. Sema bulon."

Nimemwahidi yeye, na sasa nakuahidi wewe. Nitasema bulon. Nitasimama baada ya misa, mbele ya kikosi na familia, na mkubwa wa karakana akija, mbele yake pia. Sitaanza na sifa. Nitasema nati kumi zilikuwa zangu, chaki ilikuwa yangu, na kwamba Kisimba hakuwahi hata siku moja kukaza nati kwa vilebreke. Naogopa. Cheo cha kapita wanaweza kukichukua, na wakikichukua sitalalamika, nimekikalia muda mrefu. Ninachoogopa zaidi ni macho ya kikosi. Kabwe sasa atainama kukagua kila mstari wangu wa chaki, na atakuwa na haki.

Mke wangu nimemwambia jana. Alimtazama binti yetu anayeosha vyombo, yule yule wa siku tisa, ambaye siku hizi ananifikia begani. Akasema tu kwamba atanipigia shati pasi.

Jumapili nitakwenda makaburini na rangi. Kabwe atataka kunisaidia, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, lakini hili nitalifanya mwenyewe, hata herufi zikipinda. Nitalifuta jina lile na kuandika lako la ubatizo mahali pake. Mama Monga amekubali. Amesema Bonaventure ni refu, nikate mbao pana.

Basi pumzika, ndugu yangu. Mikono yako ilikimbia vya kutosha. Siwezi kukurudishia miaka uliyofanya kazi chini yangu, na sitakudanganya kwamba barua inaweza. Ila watu wa Shituru unawajua, jina wakishalizoea hawalitupi, watatafuta pa kuliweka. Wataliweka kwangu. Jumatatu nikipita kwenye bomba, ukisikia watoto wanaita Papa Legelege, usigeuke. Ni mimi wananiita, na nitaitika.

Kazadi wako